Mfinyanzi Hulia Gaeni: Hata Lini?

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maneno hayo tumeyazoea tangu utoto wetu, na twayatumia kumcheka seremala ambaye nyumba yake haina mlango, au mshonaji avaaye nguo yenye kiraka. Leo twapenda kuyarudisha maneno hayo kwa mwenyewe, yaani mfinyanzi, na kuuliza swali ambalo methali haikulijibu: kwa nini ale gaeni? Je, ni kwa uzembe na kutojijali? Au ni kwa sababu chungu kizima hana budi kukiuza, ili apate chakula cha kutia katika gae hilo?

Swali hili si la mchezo, maana wafinyanzi tunaowasema wapo, na vyombo vyao vimo majumbani mwetu. Atokaye Tukuyu kwenda ziwani huteremka zaidi ya mita 1,000. Nyuma yake huacha Mlima Rungwe na nchi ya migomba, chai na kahawa, ambayo udongo wake mweusi ulitokana na majivu ya volkano, na mvua yake haina choyo. Mbele yake hufunguka tambarare ya Kyela yenye mpunga na minazi ya mafuta, yaani michikichi. Kisha, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, tambarare hukoma ghafula. Milima ya Livingstone hushuka mpaka majini, wala haiachi ila ukingo mwembamba wa nchi kavu. Huko ndiko waliko Wakisi, na huko ndiko kilipo kijiji cha Ikombe. Leo sehemu hiyo imo katika Wilaya ya Kyela, lakini zamani nchi yote hiyo ilikuwa Wilaya moja ya Rungwe, na makao yake makuu yalikuwa Tukuyu.

Mtu atazamaye majabali ya Ikombe aweza kuuliza watu wale wanaishi kwa nini. Shamba la kutosha hawana. Mlima umesimama kama ukuta, na penye udongo wa kulimwa ni hapa kidogo na pale kidogo. Jibu lao lilikuwa la busara. Wanaume walilielekea ziwa wakavua samaki. Wanawake waliuelekea udongo wa mfinyanzi wakafinyanga vyungu. Vyungu vikapakiwa mitumbwini, vikavushwa kwa Wanyakyusa wenye nafaka na ndizi nyingi, na mitumbwi ikarudi na chakula. Basi Mnyakyusa hakujisumbua sana kujifunza kufinyanga, na Mkisi hakufa njaa kwa kukosa shamba. Jirani alimtegemea jirani, na chungu kilikuwa ahadi baina yao. Desturi hiyo ilikuwako kabla ya fedha za Mdachi na za Mwingereza kufika katika nchi hiyo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wetu twajua kupikia chungu lakini hatujui kilivyopatikana.

Kwanza ni kuchagua udongo. Si kila udongo ufinyangwao hufaa. Ulio laini mno hupasuka unapokauka. Wenye mchanga mwingi haushikamani. Mfinyanzi huujua kwa vidole, na penye haja huchanganya mpaka aridhike. Kisha huukanda kwa muda mrefu, akiondoa vijiwe na mizizi na kuutoa upepo ulioingia ndani, kwa maana kijiwe kimoja au tundu moja la hewa laweza kukivunja chungu siku ya moto.

Pili ni kufinyanga, na hapa Wakisi wana ufundi unaowapambanua na wafinyanzi wengi wa Afrika. Mahali pengi mfinyanzi hukizunguka chombo chake, au hukigeuza kidogo kidogo juu ya magoti au ardhini. Mama wa Kikisi hukiweka juu ya sahani ya udongo inayozungushwa kwa mkono, na chombo huzunguka mbele yake huku vidole vikiupandisha ukuta wake na kuusawazisha. Si gurudumu la kukanyagwa kwa mguu kama lile la nchi za mashariki. Hata hivyo akili yake ni moja, yaani kukizungusha chombo ili mkono ukae mahali pamoja. Kwa sababu hiyo vyungu vyao husifiwa kwa wembamba na mviringo wake. Mwaka 1977 mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Simon Waane, alichapisha maelezo marefu juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe, na wataalamu wa nchi za nje huyasoma mpaka leo.

Tatu ni kukausha na kusugua. Chungu hukaa kivulini, si juani, ili kikauke ndani na nje kwa pamoja. Kabla hakijawa kikavu kabisa hukwanguliwa na kusuguliwa kwa kijiwe laini mpaka king'ae. Kusugua huko si pambo tu. Huziba vitundu vidogo vidogo vya udongo, na chungu hakivuji upesi.

Nne ni moto. Vyungu hupangwa mahali pa wazi, hufunikwa kwa kuni na nyasi, huwashwa. Kama unyevu ulibaki ndani, maji hugeuka mvuke na chungu hupasuka kwa kishindo. Joto lifikapo kiasi cha nyuzi 600 za Sentigredi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na tangu hapo chungu hakiwezi tena kurudi kuwa tope hata kikiloweshwa mwaka mzima. Mfinyanzi hana kipimo cha joto. Huutazama moto kwa rangi yake, na huusikiliza upepo utokao ziwani. Siku moja ya upepo mbaya yaweza kuiharibu kazi ya siku nyingi.

Ndugu msomaji, elimu hiyo yote haikuandikwa ukutani. Binti huipata kwa kukaa karibu na mama yake na shangazi yake. Huanza kwa kubeba maji na kukanda, akafinyanga vijungu vya kuchezea, vikavunjika, akafinyanga tena. Udongo ulipo, namna ya kuuchanganya, dalili za moto ulioiva, mambo hayo ni akiba ya jamaa nzima. Akiba hiyo haipungui igawanywapo, hupungua isipotumiwa. Vizazi viwili vikiacha kufinyanga, hakuna kitabu kitakachoweza kuirudisha yote, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo vidoleni.

Wako wanaosema kwamba mambo hayo ni ya kale, na kwamba mtu wa maendeleo hutumia sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki. Hatuwalaumu wanunuao sufuria. Sufuria ni nyepesi, haivunjiki, na huchemsha upesi. Mfanyakazi arudiye nyumbani jioni ana haki ya kupika upesi. Lakini kuiita kazi ya mfinyanzi ushamba ni kutojua. Mtungi hutoa jasho kupitia vitundu vyake, na jasho hilo likikauka huyapoza maji pasipo barafu wala umeme. Chungu cha maharagwe hushika moto polepole na kuutunza, hata kuni zikipungua chakula huendelea kuiva. Hayo ni mambo ya sayansi, na mama zetu waliyajua kabla hatujayasoma shuleni.

Tena gae lenyewe tunalolidharau limekuwa shahidi wa historia yetu. Mbao huoza na chuma huliwa na kutu, lakini gae hudumu ardhini. Katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, J. Desmond Clark alianza uchunguzi mwaka 1953, na vigae vilivyofukuliwa pale vimewasaidia wataalamu kuwatambua wakulima na wafua chuma waliokaa huko miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Watu hao hawakuacha barua. Waliacha vyungu vyao.

Basi, ikiwa kazi hii ina akili nyingi na faida nyingi, mbona mwenye kazi hulia gaeni? Tuifanye hesabu pamoja, sisi tulio wafanyakazi, maana hesabu ya jasho twaijua. Kiwandani kengele hulia, saa huandikwa, na mtu akizidisha muda hudai malipo yake. Kazi ya mfinyanzi haina kengele. Nani amwandikiaye siku ya kuchimba udongo na kuubeba kichwani? Nani ahesabuye siku za kungoja chungu kikauke, na safari ya kutafuta kuni mlimani? Vyungu vilivyopasuka motoni ni hasara ya nani? Kisha kuna mtumbwi. Kwa miaka mingi Ikombe ilifikiwa kwa maji au kwa njia ya miguu tu, na vyungu vilipakiwa kwa uangalifu mkubwa kwenda soko la Jumamosi huko Lyulilo karibu na Matema. Kutoka hapo hufungwa kwa nyasi, hupakiwa katika magari, na hufika Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi.

Njia ya chungu ni ndefu, na bei yake hupanda kila kituo. Lakini anayekaa mwanzo wa njia ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote. Jua likielekea kutua sokoni, mnunuzi mwenye gari aweza kungoja. Mama mwenye vyungu hawezi, kwa kuwa kuvirudisha ni kulipa mtumbwi mara ya pili na kujitia katika hatari ya mawimbi. Mwishowe huvitoa kwa bei apewayo. Hapo ndipo gae linapotokea. Si uzembe, wala si kutojijali.

Hata hivyo, tukitazama vema, tutaona kwamba chungu kina sifa ambayo mazao yetu mengi hayana. Ndizi huoza. Mahindi huingia fukusi. Kahawa ikikaa vibaya hupoteza ladha. Chungu hakiozi, hakiliwi na mdudu, wala hakichachi. Kikipata paa juu yake chaweza kungoja mwezi, hata mwaka. Kwa hiyo udhaifu wa mfinyanzi haumo katika chungu chake. Umo katika kukosa mahali pa kukiweka na katika kuuza kila mtu peke yake. Haja yake kubwa, basi, ni ghala penye soko, na sauti moja ya kutaja bei.

Jambo hilo si geni katika nchi hii. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoanzisha chama chao cha KNCU mwaka 1933, waliona kwamba mtu mmoja mwenye gunia moja hana neno mbele ya mnunuzi, bali magunia mengi pamoja huwa na neno. Wakulima wa Rungwe nao baadaye walishika njia ya ushirika. Kwa nini wafinyaji wa udongo wasistahili kile walichostahili wachumaji wa kahawa? Je, ni kwa sababu wao ni wanawake, na kazi yao twaiita kazi ya nyumbani? Swali hili tunawaachia wanachama walijibu katika mikutano yao, nao wasilijibu kwa makofi.

Wala tusidhani kwamba ufinyanzi hauna njia ya mbele. Jirani zetu wa Kenya, katika miaka ya 1980, waliunganisha kazi ya mfinyanzi na ya mhunzi wa mabati: jiko la bati likatiwa ndani bakuli la udongo uliochomwa, na jiko hilo likatumia mkaa mchache kuliko lile la bati tupu. Majiko ya namna hiyo yalienea hata kwetu. Ufundi wa kale ulikutana na haja mpya, na mafundi wawili wakapata riziki katika chombo kimoja.

Twaongeza neno moja kwa wafinyanzi wenyewe, maana mapenzi yasiyo na ukweli si mapenzi. Moto wa vyungu hula kuni, na mlima ule ndio ukuta wa nyumba yao. Ukivuliwa miti, mvua itauteremsha udongo ziwani, na mazalio ya samaki yatafunikwa. Apandaye mti nyuma ya nyumba yake anapanda moto wa binti yake.

Kwetu sisi wanunuzi, neno ni jepesi kulisema na zito kulitenda. Tunaposimama sokoni Tukuyu au Mbeya mbele ya mtungi, na ulimi wetu ukaanza kupunguza bei, tukumbuke udongo, kuni, moto, mtumbwi na vile vilivyopasuka. Kwa walimu na viongozi wa vijiji, tunasema: binti ajuaye kufinyanga asionewe haya darasani; aitwe awafundishe wenzake, na apewe heshima ya fundi. Udongo, walisema wazee, upatize ungali maji. Wanaojua bado wapo, na mikono yao bado ina nguvu. Ghala lijengwe sasa, na bei itajwe kwa pamoja sasa, ili mfinyanzi naye apakue chakula chake katika chungu kizima alichokifinyanga mwenyewe.