Memori kadi ya bei nafuu: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

MKAZI wa Tarbaj anayehitaji memori kadi ya simu hana maduka mengi ya kuchagua. Ama ataitafuta kwa muuzaji mdogo sokoni, ama atasubiri safari ya mjini Wajir, au atamwagiza jamaa aliye Garissa au mtaani Eastleigh, Nairobi, amtumie kwa basi.

Popote itokapo, kadi hiyo humfikia ikiwa imeandikwa tarakimu za kuvutia: 64GB, 128GB, 512GB na siku hizi hata 1TB. Bei nayo huwa shilingi mia chache tu. Hapo ndipo penye mtego.

Katika eneobunge hili la Kaunti ya Wajir, lililo kwenye barabara ya kuelekea El Wak na Mandera, kadi si pambo la simu. Mtu akitoka kijijini na mifugo yake, mtandao wa kasi hupatikana hapa na pale, na kuhifadhi picha kwenye intaneti kunahitaji bando ambazo wengi hawawezi kumudu kila wiki. Kilichomo mfukoni ndicho alicho nacho.

Isitoshe, jamii ya Wasomali imezoea tangu zamani kuhifadhi maneno kwa sauti. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashairi na habari za jamaa walio mbali zilisafiri katika kanda za kaseti, zikapita mkono hadi mkono. Kazi hiyo sasa hufanywa na kadi isiyozidi ukucha wa kidole: mawaidha, mashairi, sauti ya mzazi aliyefariki, picha ya cheti cha shule, picha ya alama ya ngamia aliyepotea.

Ndiyo maana inafaa kueleza kwanza jinsi ulaghai wenyewe unavyofanyika.

Ndani ya kadi mna chipu inayohifadhi data na kidhibiti kidogo kinachoieleza simu ukubwa wa chipu hiyo. Simu haipimi ukubwa huo yenyewe. Huamini inachoambiwa na kidhibiti. Mlaghai huchukua chipu ndogo, tuseme ya 8GB, kisha hukipanga upya kidhibiti kidai kwamba ni 128GB. Ukiitia kadi hiyo kwenye simu, mipangilio itakuonyesha 128GB bila kusita.

Gigabaiti nane za kwanza huingia salama. Baada ya hapo, data mpya ama hutupwa ama huandikwa juu ya ile ya zamani. Simu haitoi onyo lolote. Majina ya faili yanaendelea kuonekana, lakini ukigusa picha unapata mraba wa kijivu, na video hukataa kucheza.

Ubaya wa hasara hii ni kwamba huchelewa. Mwenye kadi huweza kukaa miezi mitatu akiisifu, na siku anapogundua, muuzaji amekwisha kuhama au amesahau aliuza nini. Si haki, hata hivyo, kumwita kila muuzaji mlaghai. Wengi wao waliinunua ikiwa ndani ya pakiti, wakadanganywa vilevile.

Kuhusu 1TB, historia fupi inatosha. Kadi ndogo za kwanza za simu zenye ukubwa huo zilizinduliwa mwaka wa 2019, na ya SanDisk ilitangazwa kwa bei ya karibu dola 450 za Marekani. Bei zimeshuka tangu wakati huo, lakini kadi halisi ya namna hiyo bado huuzwa kwa maelfu mengi ya shilingi. Ukiuziwa ya shilingi mia saba, huna haja ya kuipima. Iache hapo hapo.

Kadi iliyo nafuu kwa kweli ni ile ndogo iliyo halali. Watu wengi hawahitaji zaidi ya 32GB. Ikiwa picha moja inachukua megabaiti tatu, kadi hiyo hubeba takriban picha 10,000. Sauti iliyorekodiwa kwa MP3 ya kawaida huchukua karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo 32GB hutosha sauti za zaidi ya saa 500. Anayerekodi video nyingi, kwa mfano mpigapicha wa harusi, ndiye anayehitaji 64GB au 128GB.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia 32GB. Kadi zisizopita ukubwa huo, kuanzia ile inayozidi 2GB, huitwa SDHC, na zinazozidi 32GB huitwa SDXC. Simu nyingi za zamani hazisomi SDXC. Zinazotumiwa baada ya wenyewe kununua mpya, na hizo ni nyingi vijijini, huenda zikaikataa kadi kubwa hata kama ni halali.

Kagua pia kama simu ina nafasi ya kadi. Baadhi ya simu hukulazimisha uchague kati ya laini ya pili na kadi. Nyingine, zikiwemo iPhone zote, hazina nafasi hiyo kabisa.

Alama nyingine zilizochapishwa juu ya kadi hazipaswi kukusumbua sana. Tarakimu 10 iliyo ndani ya herufi C humaanisha kwamba kadi huandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, nayo inatosha picha na video za simu ya kawaida. Alama ya A1 inafaa kwa anayetaka kuweka programu kwenye kadi. U3 na V30 ni za wenye kamera kubwa. Kuzilipia kwa simu ya bei ya chini ni kutupa pesa. Wala alama hizi si ushahidi wa uhalali, kwani anayeghushi ukubwa hashindwi kuchapisha herufi.

Lililobaki ni kuipima. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ipo nchini tangu 2008, na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Lakini nauli ya kwenda kudai haki hiyo Wajir au Nairobi itaipita bei ya kadi yenyewe. Kwa hiyo, afadhali upatane na muuzaji mapema: akupe risiti, na akubali kuipokea kadi ikirudishwa kesho yake.

Mwenye tarakilishi ana njia rahisi. Programu ya bure ya H2testw, au F3 kwa wanaotumia Linux, huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kueleza ukubwa wake wa kweli. Vijana wanaowawekea watu nyimbo na filamu kwenye kadi wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa ada ndogo.

Asiye na tarakilishi aijaze kwa simu. Nakili video ndani yake hadi ijae kabisa, uitoe, uzime simu na kuiwasha, kisha uirudishe na kucheza video za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zisiwe nakala za video moja. Kadi ghushi inayoandika data juu ya data huenda ikakuonyesha video ile ile mahali pote, ukadhani ni nzima.

Kazi hii inahitaji subira, na chaji. Kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, 32GB hujaa kwa muda wa karibu saa moja. 128GB huhitaji saa tatu na nusu. Usishtuke simu ikikuonyesha 119 badala ya 128, kwa sababu watengenezaji huhesabu gigabaiti kwa namna tofauti na baadhi ya simu. Huo si wizi. Ikiwa ni 8 pekee zinazosomeka, huo ndio wizi.

Kadi ikifaulu, lipo swali moja ambalo baadhi ya simu za Android huuliza unapoiingiza: itumike kama hifadhi ya kubebeka au kama sehemu ya simu? Ukichagua sehemu ya simu, data hufungwa kwa siri na kadi haitasomeka kwingineko. Simu ikivunjika malishoni, yaliyomo huenda nayo. Chagua ya kubebeka.

Wengi pia hudhani kwamba kadi ikishaingia, WhatsApp itahamia huko. Haihamii. Picha na sauti zake huendelea kujaa ndani ya simu, na ni wewe unayepaswa kuzihamisha kwa mkono kila baada ya muda, kwa kutumia programu ya kusimamia faili.

Joto la Wajir halitaiua kadi halali kwa urahisi, maana nyingi hutengenezwa kustahimili hadi nyuzi 85 za Selsiasi. Kinachoimaliza ni kuandikwa na kufutwa mara nyingi, kuchomolewa simu ikiwa bado inanakili, na kukaa miaka mingi bila umeme. Sauti ya mzazi isiachwe kwenye kadi moja iliyofungwa kitambaani. Tia nakala kwenye simu ya ndugu aliye mjini, na mkikutana kila mwaka msikilize kama bado inasikika.