Walaji Uchafu wa Ruai

Sogeeni karibu, wanangu, leo tufuate maji. Si ya mvua wala ya kisima. Ni yale mliyoogea asubuhi, yaliyosuuza sufuria, na yale yanayoondoka kwa kishindo mkimaliza haja chooni.

Tuseme mnaishi Nairobi. Maji hayo huingia kwenye bomba, yakakutana na ya jirani, kisha ya mtaa mzima, yakateremka chini kwa chini kuelekea mashariki mpaka Ruai. Huko ndiko uliko mtambo wa Dandora, mkubwa kuliko mitambo yote ya majitaka nchini Kenya. Mlangoni yanapita katikati ya vyuma vilivyosimama wima, na hapo hunaswa matambara, nepi na chupa za plastiki ambazo hazikupaswa kutupwa chooni kamwe. Mchanga nao hutuama.

Kisha mabwawa. La kwanza lina kina kirefu na giza, halina hewa. Ukisimama ukingoni utaona mapovu yakipanda: chini kabisa, bakteria wasiohitaji oksijeni wanakula tope na kutoa gesi. Bwawa linalofuata ni pana na la kijani, na hapa ndipo ninapopapenda. Ukijani huo ni mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Hunasa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Bakteria huivuta, hula uchafu, kisha huurudishia mwani kabonidioksaidi na virutubisho. Nipe nikupe, mchana kutwa, bila mashine ya kupuliza hewa. Bwawa la mwisho ni la kina kifupi, ili jua lipenye na kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Kwa nini tusiuachie mto kazi hiyo? Mto nao una bakteria wake. Lakini ukimwagiwa uchafu wa jiji zima, bakteria huzaana mno, humaliza oksijeni yote majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana wapimaji huchukua maji yaliyosafishwa, huyaweka gizani ndani ya chupa kwa siku 5, kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kisha huangalia ni oksijeni kiasi gani imetumika. Sheria ya Kenya inaruhusu isiyozidi miligramu 30 kwa lita.

Maji hayo huingia Mto Nairobi, unaomwaga katika Mto Athi. Mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Mvuvi wa huko anahusika na choo cha Nairobi, ingawa hajawahi kukiona.

Linaloniuma ni kwamba nyumba nyingi za jiji bado hazijaunganishwa na bomba. Majitaka ya baadhi ya nyumba hizo huingia mtoni moja kwa moja, yakapita kando ya mabwawa ya Ruai bila bakteria wala mwani wake kuyagusa.