Haka ni nani?

Wakuu wa vijiji na ninyi mliohama makwenu: kijana akifungua simu mbovu aone ndani yake, msikimbilie kumwita mwizi. Jina haka lilianzia kwa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliojenga treni ndogo za mfano na kupenda kuzichokonoa. Anayeiba namba ya siri ya mwenzake ni mwizi tu, hata ajiite haka.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alitoa bure programu yake Linux, maandishi yake yote wazi. Watu wa nchi nyingi, wasiojuana, waliisahihisha pamoja. Leo simu za Android zinaitumia.

Basi kijana aanze hivyo: ajifunze lugha ya kompyuta kama Python, isiyolipiwa, asome kazi za wengine, akiona kosa, alitengeneze, kisha awarudishie.