Waridi, Ukungu na Afya ya Mama

Akina mama wenzangu, huku Geita tumezoea kuonywa juu ya zebaki ya machimboni. Je, dawa za mimea nazo tunaziogopa? Kazi yangu ya uuguzi hunifanya niulize.

Katika kitalu nyumba, hewa ikipoa usiku unyevu hutanda juu ya majani, ukungu huingia, na dawa hupulizwa. Wanaoichuma mimea hiyo wengi ni wanawake.

Huko Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian lilipata njia nyingine miaka ya 2000. Lilitumia mvuke wa ardhini wa Olkaria kupasha maji moto, yakapitishwa katika mabomba ndani ya vitalu vya waridi. Hewa ilikauka, ukungu ukapungua, na haja ya dawa ikapungua pia, bila kuchoma mafuta.

Sisi wa Geita hatuna mvuke huo, lakini jua tunalo. Pampu ya umeme wa jua hunywesha nyanya za kikundi bila dizeli. Ukungu nao tuuzuie: tumwagilie asubuhi, kwenye shina, na tufungue pande za kitalu hewa ipite. Dawa ikilazimu, mjamzito na anyonyeshaye wasishike bomba la kupulizia. Shamba litulishe, lisituumize.