Siku Moja Bunkeya, Mji wa Msiri

Sisi wakazi wa Kasulo, hapa Kolwezi, sifa za Bunkeya tumezisikia tangu utoto. Kila tarehe 20 Desemba wageni huenda huko kumkumbuka Mwami Msiri, wakarudi na picha tele. Kwa hiyo, tulipowapeleka wanafunzi wetu wakati wa likizo, tulikwenda bila hamu kubwa. Tulidhani tutakuta kijiji cha maonyesho tu, ambako kila hadithi ina bei yake.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Fungurume, kisha tukaiacha njia kuu na kufuata barabara ya vumbi. Tulifika wekundu kama matofali. Kumbe, mahali pazuri namna gani! Nyua zimefagiliwa, wanawake wanaanika mihogo, watoto wanatusalimu kwa adabu. Mzee mmoja alituita barazani kwake: “Karibuni, wana wangu. Kunyweni maji kwanza. Wafu hawana haraka.”

Baada ya kupumzika, alituongoza mpaka kwenye makaburi ya watawala, akatusimulia habari zao. Msiri alikuwa Msumbwa kutoka nchi ya magharibi ya Tabora, aliyekuja huku kwa biashara ya shaba yapata miaka ya 1850. Bunkeya ikawa mji mkuu wa ufalme wake wa Garenganze, na misafara ikafika toka Bahari ya Hindi na toka Atlantiki pia. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Omer Bodson, afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa nchi kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Bodson naye alipigwa, akafa.

Mwanafunzi mmoja akauliza: “Baba, je, ni kweli Mwami aliuza watu?” Tuliona haya. Lakini mzee hakukasirika. “Aliuza,” akajibu, “na mafuvu ya adui zake yalitundikwa juu ya miti. Anayeficha kovu la baba yake hamjui baba yake.” Hapo ndipo tulipoanza kukipenda kijiji kile.

Mchana tulikula bukari na sombe pamoja naye. Akatuuliza habari za kwetu. Tukamweleza kwamba tangu mwaka 2014 watu wa Kasulo walichimba kobalti hata chini ya vyumba vyao vya kulala, na kwamba mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa, ikazungushiwa ukuta. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Na wajukuu wenu mtawaonyesha nini?”

Hakuna aliyejibu, ila yule mwanafunzi aliyeuliza juu ya watumwa. Alisema polepole: “Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na mwembe. Sasa ni shimo.”

Tulirudi usiku, kila mmoja na mawazo yake. Shule ilipofunguliwa, tuliwapa wanafunzi kazi: kila mtoto aulize wazee wa nyumbani kwake ni nani aliyekaa wapi, na palikuwa na nini kabla ya mashimo, mema na mabaya pia, akaandike. Madaftari yameanza kujaa.

Wasomaji wapenzi, mkipata nafasi, nendeni Bunkeya. Na mkirudi, kaeni na wazee wenu jioni moja, mkiwa na kalamu mkononi.