Khanga na ugali ni sukari moja

Khanga ya pamba tupu na ugali wa mahindi, kwa sehemu kubwa, vimejengwa kwa sukari moja: glukosi, yenye atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Pamba karibu yote ni selulosi. Unga wa sembe, ukiondoa maji, kwa wingi ni wanga. Lakini mwenye njaa hata akiitafuna khanga nzima hatashiba. Ndiyo maana mazoea yetu ya kuhukumu chakula kwa wingi wa kabohaidreti peke yake hayatoshi. Kazi ya kabohaidreti huamuliwa na namna glukosi zilivyoshikana.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Katika wanga, kaboni ya 1 ya glukosi hii huungana na kaboni ya 4 ya ile kwa kiungo cha alfa. Katika selulosi kaboni ni zile zile, ila kiungo ni cha beta, kilichoelekea upande mwingine. Basi. Alfa huupinda mnyororo ukajisokota, na ukipikwa hulainika na kupitisha maji; beta huunyoosha, minyororo ikalala sambamba na kukamatana hadi ikawa uzi. Amilasi, kimeng'enya cha mate na cha kongosho, hukata alfa, beta haiiwezi. Mwaka 1894 mkemia Mjerumani Emil Fischer alionyesha jambo la jinsi hiyo hiyo: vimeng'enya vya hamira vilivunja glukosidi ya alfa vikaiacha ya beta, na emulsini, kimeng'enya cha lozi, ikafanya kinyume. Ndipo akavifananisha kimeng'enya na windo lake na ufunguo na kufuli.

Atasema mtu: mbona ng'ombe hunenepa kwa nyasi? Ng'ombe mwenyewe hana ufunguo huo. Wanaouvunja mnyororo ni vijidudu wanaoishi tumboni mwake. Pingamizi zito ni jingine: wanga ukishameng'enywa wote huwa glukosi, sasa umbo lina faida gani? Faida iko kwenye kasi. Amilopektini, aina ya wanga yenye matawi mengi, humeng'enywa upesi. Amilosi, aina isiyo na matawi, huchelewa. Tena si kasi tu, hata kiasi hubadilika: kiazi kilichochemshwa kikapoa, sehemu ya minyororo yake hujipanga upya ikaishinda amilasi, ikashuka hadi utumbo mpana. Huko bakteria huichachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiwa butireti, inayolisha seli za utumbo huo. Kiazi ni kile kile, glukosi ni zile zile, ila zinazoingia kwenye damu zimepungua.

Hilo halimpi mgonjwa wa kisukari ruhusa ya kujaza sahani kwa kuwa viazi vimepoa. Sehemu kubwa ya wanga wake bado humeng'enywa, na kiasi kina uzito wake. Ila kibandiko cha chakula kinachotaja gramu za kabohaidreti bila kutenganisha sukari, wanga na nyuzinyuzi kimempa mnunuzi nusu ya habari, na mnunuzi ana haki ya kuidai nusu ya pili.