Chembe Sahani Zikipungua, Jembe Ulishike Vipi?

Kintinku iko bondeni, kati ya Dodoma na Manyoni, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa unaopanda kuelekea Kilimatinde. Mvua zikiwa nzuri, watu hushuka majarubani kulima mpunga. Mahali kama hapa hakuna anayeuliza afanye mazoezi gani: kupalilia, kuchota maji na kuendesha baiskeli ndiyo mazoezi yenyewe. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka hospitali na habari kwamba chembe sahani zake zimeshuka, nyumba nzima huingia hofu. Mara nyingi uamuzi unaotolewa ni mmoja: alale, asiguse kitu.

Huruma hiyo naielewa, ila inamnyima mgonjwa nguvu bila kumpa kinga. Mwenye homa ya malaria apumzike, hilo halina ubishi. Lakini anayeishi na chembe sahani chache kwa miezi au miaka haongezewi hata moja na kitanda, wala jasho halimpunguzii. Vinavyomdhuru ni pigo, anguko na jeraha.

Chembe sahani hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na huishi kati ya siku 7 na 10 hivi. Mshipa wa damu ukichanika, hukimbilia pale, zikanata na kurundikana, kama udongo unaokandikwa kwenye tuta la jaruba lililotoboka. Mtu mzima huwa na chembe 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Kwenye karatasi ya majibu, tafuta herufi PLT. Ikiandikwa 45, maana yake ni 45,000. Wakati mwingine chembe huganda pamoja ndani ya kichupa cha maabara, na mashine huhesabu pungufu. Ndiyo maana mtu mwenye majibu ya kutisha asiye na dalili yoyote hupimwa tena, na damu yake hutazamwa kwa hadubini.

Huku kwetu malaria ni miongoni mwa sababu za kwanza za kufikiriwa, na mgonjwa akitibiwa vizuri kwa dawa mseto hesabu kwa kawaida hupanda ndani ya siku chache. Zipo nyingine: dengi, virusi vya UKIMWI, homa ya ini, bandama iliyovimba kwa kichocho cha tumbo, pombe nyingi, ujauzito, baadhi ya dawa, saratani ya damu. Na ipo hali ambayo kinga ya mwili hugeuka kuzishambulia chembe sahani zake yenyewe. Mwaka 1950, huko St. Louis, Marekani, daktari kijana William Harrington alijitia damu ya mgonjwa wa aina hiyo. Ndani ya saa chache chembe zake zikaporomoka, vidoa vikamtoka mwilini, akalazwa, na baadaye akapona. Ikadhihirika kwamba kinachoziharibu kimo ndani ya damu ya mgonjwa. Maji ya rozela na vidonge vya kuongeza wekundu wa damu haviwi tiba ya chembe sahani kupungua. Upungufu wa damu ni jambo jingine.

Turudi shambani. Madaktari hutofautiana kidogo juu ya mipaka, na ugonjwa uliosababisha una uzito wake, lakini mwelekeo ni huu. Ukiwa juu ya 50,000, kazi nyingi za shamba unaweza kuzifanya, ila mpira wa kugombania na kupiga vichwa uuache. Kati ya 30,000 na 50,000, palilia, panda miche, tembea. Usipande mti, usipasue kuni kwa shoka, usijitwishe gunia, kwa sababu kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo hadi kichwani. Madumu ya maji yabebwe na punda au mkokoteni. Chini ya hapo, tembea taratibu kwenye njia tambarare na unyooshe viungo, baada ya kuzungumza na daktari wako. Ukishuka chini ya 10,000 damu inaweza kutoka bila hata kujigonga, na hapo mahali pako ni hospitali.

Mavuno yanahitaji mpango wa familia. Mundu ashike mwingine. Wewe anika, pepeta, funga magunia. Vaa buti ukiingia majarubani. Ukipanda bodaboda, kofia ngumu iwe kichwani mwako pia, si kichwani mwa dereva peke yake.

Maumivu ya mgongo baada ya kazi ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Dukani mtu hupewa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, na zote huzizuia chembe chache zilizobaki kufanya kazi. Omba parasetamoli. Kataa sindano ya kalioni mpaka mhudumu ajue hesabu yako, kwani misuli inaweza kuvimba damu. Chale, kuumikwa na kung'oa jino nazo zisubiri.

Kila jioni, ukinawa miguu, tazama miundi yako. Vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, visivyofifia ukivibonyeza kwa glasi, ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Vikiongezeka, au fizi zikitoka damu, au hedhi ikizidi kawaida, rudi kituoni bila kungoja tarehe ya miadi. Kichwa kuuma ghafla sana, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kujigonga kichwa hata bila jeraha: tafuta usafiri saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Watoto wanahitaji neno lao. Baadhi hupata hali hii ghafla baada ya mafua au homa ya virusi, na wengi wao hupona ndani ya miezi 6. Katika muda huo mwambie mwalimu. Mtoto anaweza kwenda shule, kuimba kwaya, kufagia uwanja na kukimbia kidogo. Mpira na kupanda miembe vitamsubiri mpaka daktari aruhusu.